Kutoka Mimbarini hadi Sheria Ndogo: Mwongozo kwa Jumuiya za Dini za Moshi na Arusha Zinazotaka Kushiriki Kutunga Sera ya Mazingira

Katika miteremko ya Kilimanjaro na Meru ni vigumu kumpata muumini ambaye hajawahi kupanda mti kwa wito wa kanisa au msikiti wake. Katika Dayosisi ya Kaskazini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), vijana wa kipaimara wamekuwa wakipanda miti kama sehemu ya maandalizi yao, na Askofu Fredrick Shoo, aliyechaguliwa kuwa Mkuu wa KKKT mwaka 2015, amefahamika kwa kazi hiyo hadi kuitwa Askofu wa Miti. Kazi hiyo ni njema na isiachwe. Hata hivyo, mche uliopandwa kwenye chanzo cha maji ambacho mpaka wake haujapimwa, na ambacho kijiji hakina kifungu chake chenyewe cha kukilinda, unaweza kung'olewa msimu unaofuata huku mtendaji wa kijiji akiwa hana pa kuanzia kumwajibisha aliyeung'oa. Mwongozo huu unahusu hatua ambayo jumuiya nyingi haziifikii, yaani kuyageuza mafundisho yawe kifungu cha sheria ndogo, kasma katika bajeti ya halmashauri, au sharti katika cheti cha tathmini ya mazingira.

Jambo moja, na mwenye mamlaka nalo

Barua nyingi za jumuiya za dini hushindwa kabla hazijasomwa, kwa sababu huomba mambo yote kwa mpigo na huyaomba kwa mtu asiyehusika nayo. Barua inayosema kwamba waumini wanaiomba Serikali itunze mazingira haina meza ya kupelekwa. Chagueni jambo moja lenye mahali panapojulikana kwa jina: chemchemi fulani, kingo za mto kati ya daraja hili na lile, au eneo ambako taka za soko humwagwa. Baada ya hapo ulizeni ni nani mwenye uwezo wa kisheria wa kuamua juu yake, kwa maana majibu hutofautiana sana hata ndani ya kata moja.

Kama jambo lenu ni chanzo cha maji kilichomo ndani ya ardhi ya kijiji, mamlaka ya kwanza ni kijiji chenyewe, lakini mwenye dhamana ya rasilimali za maji katika bonde zima ni Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, iliyoanzishwa mwaka 1991 na yenye makao yake makuu mjini Moshi, na chini yake zipo jumuiya za watumia maji ambazo Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inazitambua. Kama ni msitu wa juu wa Kilimanjaro, fahamuni kwamba msitu wa hifadhi uliunganishwa na Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, na kwa hiyo sheria ndogo ya kijiji haiwezi kuutawala. Huko mazungumzo ni na TANAPA, yaani Shirika la Hifadhi za Taifa. Taka za mjini ni za halmashauri ya manispaa au jiji. Kiwanda, machimbo ya kokoto au hoteli mpya inayohitaji tathmini ya athari kwa mazingira ni suala la Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMC, ambalo ofisi yake ya Kanda ya Kaskazini iko Arusha.

Msijione wageni katika ofisi hizo. Ibara ya 21 ya Katiba inampa kila raia haki ya kushiriki katika maamuzi yanayomhusu yeye na maisha yake, ibara ya 27 inamtwisha wajibu wa kulinda maliasili, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inatamka kwamba kila mtu anayeishi Tanzania ana haki ya kuwa na mazingira safi, salama na yenye afya. Sheria hiyohiyo, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za kibinadamu zilizo za kudumu, au zinazoweza kuathiri uhifadhi wake, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Kifungu hicho kiwe kwenye ncha ya ulimi wa kila mjumbe wenu, kwa sababu kinawapa kipimo ambacho hakuna afisa anayeweza kukiita maoni ya watu wa dini.

Kagueni kwanza mali zenu

Jumuiya za dini katika mikoa hii miwili ni wamiliki wakubwa wa ardhi, shule, seminari, hospitali na hosteli. Kabla ya kuandika neno lolote kwa halmashauri, kamati yenu itembee katika viwanja vyote vya parokia, usharika au msikiti ikiwa na futi kamba, ipime umbali wa mashamba na vyoo kutoka mtoni, na iandike inachokiona. Diwani aliyekasirishwa na hoja yenu atauliza swali moja tu, kwamba shamba la mahindi lililo ukingoni ni la nani, na kama ni la kanisa, hoja imekufa hapohapo.

Jiko ni mahali pengine pa kukagua. Serikali ilizielekeza taasisi zinazopikia zaidi ya watu 100 kwa siku ziache kuni na mkaa kufikia tarehe 31 Januari 2024, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Shule ya bweni ya dini ambayo bado inapokea malori ya kuni inahitaji mpango wa maandishi wenye tarehe na gharama, hata kama utekelezaji wake utachukua muda, maana mpango wa aina hiyo unaweza kuonyeshwa mbele ya kikao.

Njia ya kijiji

Hapa ndipo jumuiya ya dini ina nguvu kuliko mahali pengine popote, na ndipo napendekeza jumuiya nyingi zianzie. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982, halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, inaweza kutunga sheria ndogo. Mapendekezo huandaliwa na halmashauri ya kijiji, hupelekwa kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji ambao wajumbe wake ni wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, kisha hupelekwa kwenye halmashauri ya wilaya ili baraza la madiwani liyaridhie. Njiani hupita kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako diwani na watendaji hutoa ushauri wao.

Mkutano Mkuu wa Kijiji unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, lakini kila anayeishi vijijini anajua ni mara ngapi huahirishwa kwa kukosa akidi. Mwenyekiti wa kijiji hupiga mbiu na watu hawaji. Ninyi mna matangazo ya Jumapili na ya baada ya swala ya Ijumaa, mna jumuiya ndogondogo zinazokutana nyumba kwa nyumba kila wiki, mna WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki), umoja wa wanawake wa usharika, vijana na kwaya. Tangazo moja lililosomwa katika nyumba zote za ibada za kijiji katika juma moja linaweza kuujaza uwanja wa ofisi ya kijiji. Nendeni kwa mwenyekiti, muulizeni tarehe, kisha mshaurini isiangukie Ijumaa mchana, Jumamosi wala Jumapili asubuhi, ili Waislamu, Wasabato na Wakristo wengine wote waweze kufika.

Kuwaleta watu hakutoshi kama hamjui wanakuja kupitisha nini. Andikeni rasimu, na muiandike pamoja na mtendaji wa kijiji na kamati ya mazingira ya kijiji, ili isije ikapokelewa kama kitu kilichoshushwa kutoka kanisani. Kifungu kizuri cha kulinda chemchemi hujibu maswali yanayoweza kujibiwa na mtu aliyesimama pale penyewe. Eneo linaanzia wapi na kuishia wapi, kwa mita na kwa alama zinazoonekana, kama vile jiwe, mti wa asili au nguzo? Ni shughuli zipi hasa zinazokatazwa? Nani atakagua, na kila baada ya muda gani? Faini ni kiasi gani, na fedha hizo zinaingia wapi? Jumuiya nyingi hulipuuza swali hili la mwisho, nami naliona zito kupita yote, kwa sababu faini isiyo na akaunti wala stakabadhi hugeuka haraka kuwa posho ya mkamataji, na wananchi wakishaona hivyo hawaiheshimu tena sheria yenyewe.

Kisha yapo masuala ya haki ambayo rasimu za haraka huyasahau. Katika vihamba vya Uchagani, yaani mashamba ya nyumbani, mifugo hufungiwa bandani, na kina mama ndio wanaobeba majani kwa kichwa kutoka kwenye kingo za mito na mabonde. Kifungu kinachokataza mtu yeyote kuingia katika eneo la chanzo kinaonekana kikali na kizuri kwenye karatasi, lakini mzigo wake wote unawaangukia wanawake hao, na wasiposhirikishwa watakivunja kwa sababu ng'ombe hawezi kungoja. Waulizeni mapema ni majani gani wanayoyakata, wapi na lini. Huenda kifungu kikaruhusu kukata majani kwa mundu na kukataza kulima, kuchoma moto na kukata miti. Hali kadhalika wapo wenye vihamba vilivyoshuka hadi mtoni tangu enzi za mababu. Kwa hao, mjadala wa kuacha migomba na miti ya kivuli huku wakisitisha kilimo cha mboga kinachotifua udongo utazaa matunda kuliko tishio la kuwahamisha. Wazee wanaosimamia mifongo, ile mifereji ya asili ya kumwagilia, wanazo kanuni zao za zamu na usafishaji ambazo ni za zamani kuliko halmashauri zenyewe, na ni busara kuziingiza katika rasimu kwa maneno yao. Pale ambapo kijiji kina kichaka kilichohifadhiwa kwa ajili ya matambiko, viongozi wa dini wajizuie kukidharau hadharani, maana mara nyingi ndicho kipande pekee cha msitu wa asili kilichosalia, na kinahitaji kifungu kama chemchemi inavyokihitaji.

Mkutano ukishapitisha, dai la kwanza liwe muhtasari uliosainiwa pamoja na orodha ya mahudhurio. Bila hizo rasimu haisogei wilayani. Mpelekeeni nakala mwanasheria wa halmashauri na afisa mazingira, na muulize itaingia kwenye kikao gani cha baraza.

Mtandao wa dini hufuata mto

Mipaka ya kiutawala huukata mto vipande vipande, ilhali maji hayasimami kwenye mpaka wa kata. Mito ya Karanga, Weruweru na Kikafu hushuka kutoka mlimani, huingia Kikuletwa, hufika bwawa la Nyumba ya Mungu na kuendelea na safari ya Pangani. Kijiji cha juu kikipitisha sheria ndogo peke yake, kitaulizwa kwa nini kijinyime kwa faida ya wa tambarare. Jimbo, dayosisi na ngazi za BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania) kutoka shehe wa kata hadi shehe wa mkoa zinawaunganisha watu wa mlimani na wa tambarare kwa namna ambayo serikali ya kijiji haiwezi. Parokia ya mlimani iwaalike waumini na viongozi wa tambarare waje kueleza mbele ya mkutano jinsi mfereji wao unavyokauka kiangazi. Maneno ya mkulima wa chini akimweleza wa juu yana uzito ambao hotuba ya afisa haina.

Umoja wa madhehebu na dini una faida nyingine: humwondolea mwanasiasa nafasi ya kusema kwamba hoja ni ya kundi moja. Baraza la Maaskofu Katoliki, Jumuiya ya Kikristo Tanzania na BAKWATA zilishirikiana kuchapisha mwaka 2008 ripoti kuhusu mapato ambayo nchi ilikuwa ikiyapata na kuyakosa katika dhahabu, na ripoti hiyo iliingia katika mjadala wa kitaifa uliokuwepo kabla ya Bunge kupitisha Sheria mpya ya Madini mwaka 2010. Nguvu yake ilikuwa katika takwimu zilizobeba sahihi za dini zote. Katika kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba, viongozi wa Kiislamu na wavuvi walitumia mafundisho ya Qur'ani kuwashawishi wavuvi wenzao waheshimu eneo la hifadhi lililotangazwa mwaka 1998, na mfano huo unafaa kusomwa na kila kamati ya msikiti, hata iliyo mbali na bahari.

Hazina ya mafundisho ipo pande zote. Fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, inayo dhana ya harimu, yaani eneo la kinga kuzunguka kisima au njia ya maji, ambayo inaoana vizuri ajabu na mita 60 za sheria yetu. Inayo pia wakfu, ambao unaweza kuifunga ardhi ya chanzo isiuzwe kamwe. Wakristo wanalo agizo la Mwanzo 2:15 la kuilima na kuitunza bustani, na Wakatoliki wanao waraka wa Papa Fransisko wa mwaka 2015 kuhusu kuitunza dunia kama nyumba yetu sote. Ila mafundisho haya yakae mimbarini, ambako ndiko yanakowaandaa watu. Waraka unaokwenda kwa madiwani uwe na kurasa mbili, wenye mahali, vipimo, picha, kifungu cha sheria na ombi moja lililo wazi, na aya ya maandiko isizidi sentensi moja.

Mjini, kalenda ndiyo inayoamua

Mtaa hautungi sheria ndogo. Katika Manispaa ya Moshi na Jiji la Arusha mamlaka hiyo ni ya halmashauri, na hoja yenu itapanda kutoka mkutano wa mtaa hadi Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha kamati ya kudumu inayoshughulikia mipango miji na mazingira, na hatimaye baraza la madiwani. Rasimu ya sheria ndogo ya halmashauri hutangazwa ili wananchi watoe maoni au pingamizi, kabla ya kupelekwa kwa Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa na kuchapishwa katika Gazeti la Serikali. Tangazo hilo hubandikwa kwenye mbao za ofisi na muda wake hupita kimyakimya, kwa hiyo mteueni mtu mmoja ambaye kazi yake ni kupita kwenye mbao hizo kila wiki.

Fedha nazo zina majira yake. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini maandalizi ya bajeti huanza miezi mingi kabla, tangu mwishoni mwa mwaka unaotangulia. Jumuiya inayotaka vizimba vya taka kando ya mto Themi au Karanga na ikaandika barua mwezi wa Mei imeshachelewa; hoja hiyo ilipaswa kuibuliwa kwenye mikutano ya mitaa mwezi wa Oktoba au Novemba. Moshi imejijengea sifa ya usafi kwa miaka mingi, na sifa hiyo itumieni kama hoja, maana hakuna diwani anayetaka ipotee katika kipindi chake.

Mradi mkubwa unapokuja

Tathmini ya athari kwa mazingira inamtaka mwenye mradi akusanye maoni ya watu watakaoathirika. Kwa kawaida wataalamu huja, hufanya mkutano mfupi, huzungusha karatasi ya mahudhurio na kuondoka. Wafundisheni waumini waandike kando ya sahihi zao kwamba wamehudhuria na kwamba maoni yao yamewasilishwa kwa maandishi, ili karatasi isije ikasomwa kama orodha ya waliokubali. Maoni yenyewe yapelekwe kwa mtaalamu, kwa halmashauri na kwa NEMC, na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa ibaki kwenu. Ombeni pia ripoti, na kama imeandikwa kwa Kiingereza ombeni muhtasari kwa Kiswahili. Walimu wa shule zenu wanaweza kuusomea mkutano kwa sauti.

Mahakama ni njia ya mwisho, lakini ipo. Katika shauri la mwaka 1988 la wakazi wa Tabata dhidi ya Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, Mahakama Kuu ilikataa kuliongezea Jiji muda wa kuendelea kumwaga taka katika eneo lao. Afrika Kusini, tarehe 26 Aprili 2017, taasisi ya mazingira ya jumuiya za imani iitwayo SAFCEI, ikishirikiana na Earthlife Africa, ilipata hukumu iliyobatilisha mpango wa serikali wa kununua vinu vya nyuklia, hasa kwa kuwa wananchi na Bunge hawakushirikishwa ipasavyo. Kilichowapa ushindi kilikuwa utaratibu uliokiukwa, na ndiyo maana nasisitiza sana mihuri, tarehe na mihtasari.

Ni nani anasema, na kwa niaba ya nani

Kila waraka upitishwe na chombo halali cha jumuiya yenu, iwe baraza la wazee, halmashauri ya walei au kamati ya msikiti, na ngazi ya juu ipewe taarifa kabla ya siku ya kikao. Msiunge mkono mgombea wala chama kwa sababu ya ahadi ya mazingira. Hoja iliyofungwa kwenye jina la mtu huanguka pamoja naye, na jumuiya yenu ina waumini wa vyama vyote. Kiongozi wa dini ambaye pia ni mmiliki wa machimbo, lori la mchanga au ardhi inayojadiliwa aseme hivyo wazi na akae kando ya uamuzi.

Baada ya kupitishwa

El Salvador ilikuwa nchi ya kwanza duniani kupiga marufuku uchimbaji wote wa madini ya metali, ikiwemo dhahabu, mwezi Machi 2017, baada ya Kanisa Katoliki likiongozwa na Askofu Mkuu José Luis Escobar Alas kupeleka bungeni mapendekezo na sahihi za waumini. Mwezi Desemba 2024 bunge la nchi hiyohiyo liliifuta sheria hiyo, ijapokuwa Kanisa lilipinga. Hata sheria ya taifa zima inaweza kuondoka ndani ya miaka minane. Sheria ndogo ya kijiji inaweza kufa kwa kusahauliwa tu, bila mtu yeyote kuifuta.

Kwa sababu hiyo, kamati yenu iendelee kuwepo baada ya kura kupigwa. Iwe na daftari la ukaguzi wa mipaka, iombe taarifa ya faini katika kila Mkutano Mkuu wa Kijiji, na isome matokeo hayo kwa waumini bila kuwataja wakosaji kwa majina. Viongozi wa vijiji na mitaa hubadilika. Uchaguzi wa mwisho wa serikali za mitaa ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024 na mwingine huja baada ya miaka mitano. Wenyeviti wapya wakishaapishwa, katika mwezi wa kwanza wapelekeeni nakala ya sheria ndogo, ramani ya chanzo na mihtasari yote, na muombe tarehe ya kutembea nao kwenye mpaka, nguzo kwa nguzo, mkiwa na wazee wa mfongo na shehe au mchungaji wa eneo hilo.